Sinia la Halua kwa Mhandisi

Vijana wangu, musiitazame miwani hii mizito mukadhani nilizaliwa na macho mabovu. Macho yangu yameishia kwenye shingo za kanzu. Miaka arubaini na kitu nimekaa katika duka la mlango mmoja pale Ndia Kuu, nikishonea wanaume wa mji huu: kanzu za Idi, kanzu za harusi, na kanzu za wale wanaovaa mara moja kwa mwaka, kisha wakamlaumu fundi kwa tumbo walilolilea wenyewe. Sasa nimestaafu. Duka nimemwachia mpwa wangu, na kazi yangu ni kukaa barazani hapa mtaani Kuze na kuwasumbua wapitao. Leo mumekaa wenyewe, sikuwaita. Basi tulieni.

Mwataka siri za kanzu? Haya, chukueni za bure. Kitambaa kioshe kabla ya kukikata. Kama kitapungua, kipungue mikononi mwako, kisipungue mwilini mwa mteja. Mtu usimpime mara tu aingiapo. Mwanamume akihisi utepe kifuani hujitunisha kama yuapigwa picha ya pasipoti. Mchekeshe kwanza, pumzi imtoke, ndipo usome utepe. Na mabega usiyaamini. Aliyebeba mizigo bandarini bega lake moja limeshuka, na ukimkatia kana kwamba yako sawa, pindo litamwenda upande na watu watasema fundi alikuwa na usingizi.

Haya si yangu. Ni ya Fundi Shee, Mungu amrehemu, aliyenifundisha kazi. Mkali yule! Alikuwa akikugonga utosini kwa kidole chenye kastabini, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano, na kabla maumivu hayajaisha ulikuwa umeshaliona kosa lako. Na alikuwa na sheria moja asiyoivunja hata kwa tajiri: asiyekuwepo hapimwi.

Mimi niliivunja. Fundi Shee alikuwa amesafiri kwenda Lamu, akaja bwana mmoja wa Majengo, pande la mtu, mlango mzima ukawa giza.

"Mwanangu yuaoa Ijumaa," akasema. "Nataka kanzu ya darizi ya mkono."

"Inshallah. Yuko wapi tumpime?"

"Wa nini? Nipime mimi. Mwanangu ni mimi mtupu."

Nikampima yeye. Lo! Siku ya nikaha msikiti umejaa, bwana harusi akaletwa, kumbe mtoto kafuata kwa mamake, mwembamba kama ufito. Ndani ya kanzu yangu alikuwa akiogelea. Kadhi akanyoosha mkono ili aushike mkono wake aanze kumwozesha, mkono hauonekani. Kijana yuautafuta ndani ya mkono wa kanzu, yuapandisha huku, kitambaa chashuka kule. Kadhi akangoja, akangoja, mwisho akauliza, "Jamani, tumeletewa bwana harusi au tumeletewa kanzu?" Msikiti mzima ukaangua kicheko, Mungu atusamehe. Fundi Shee aliporudi aliniketisha nikaifumua kanzu ile mshono kwa mshono, na kwa kila mshono nikilitaja jina la baba yule.

Mungedhani mtu aliyeaibika hivyo amekwishajifunza. Nilijifunza upande wa kanzu. Upande wa mwanangu ulinichelewea miaka thelathini.

Mwanangu ni mmoja tu, Rehema. Mama yake, Bi Nuru, mwamjua, ndiye huyo anayetuchungulia dirishani kuona kama nasema uongo. Rehema tangu mdogo alikuwa hatoki dukani. Nikitoka kwenda kusali, nikirudi nakuta cherehani imefunguliwa tumbo, vyuma vimepangwa chini kwa safu, naye kapiga magoti juu yake. Nilikuwa nikifurahi mimi! Nikiwaambia watu, "Mtoto wangu apenda cherehani." Sikuona kwamba nguo hakuitazama hata mara moja. Alichokipenda ni kile kilichomo ndani.

Wakati huo kanzu za madukani zilikuwa zimeanza kutujia kwa mifuko, zimeshonwa na mashine ng'ambo, darizi na kila kitu. Wateja wangu wakawa waja kupunguziwa urefu tu. Nikaona nisipopata mrithi, jina langu litakufa nami ningali hai. Basi Rehema alipomaliza shule, nilikwenda kwa mchoraji, nikamwambia aniandikie kibao, rangi ya kijani, herufi za dhahabu: FUNDI ABDALLA NA BINTI. Nikakitundika asubuhi. Mchana Rehema akapita, akasimama, akakisoma.

"Baba, huyu binti ni nani?"

"Kwani nina mabinti wangapi?"

"Mbona hakuulizwa?"

Nikajifanya natia uzi sindanoni. Ndipo akaniambia kwamba amepata nafasi chuo cha ufundi, asomee kutengeneza lifti.

"Lifti gani?"

"Lifti za majumba, baba. Zile za kupandia ghorofani."

Mimi nyumba yangu ni hii muionayo, ghorofa moja, na ngazi yake aliijenga babu wa babu yangu na haijawahi kuharibika. Nikaona mtoto karogwa. Lakini Bi Nuru alisimama naye, na mke wangu akisimama mahali, hata meli huzunguka. Rehema akaenda chuoni. Kibao kile sasa chafunika pipa la maji uani, na chafunika vizuri sana.

Akasoma, akamaliza, akaandikwa na kampuni moja hapa kisiwani. Jina lake nalihifadhi, hawakunikosea kitu. Akapewa miezi sita ya majaribio chini ya mhandisi mmoja kijana kutoka bara, aitwaye Mutua. Siku ya kwanza alitoka na ovaroli, viatu vya chuma puani, na kofia ngumu juu ya mtandio. Mama yake akamsomea Fatiha akampulizia. Mimi nikasema, "Jichunge," na nilisema vile kwa sauti ya mtu anayezika.

Usiku tulipokaa kula akatuhadithia. Ati lifti hupita ndani ya shimo la urefu wa jumba zima, na fundi husimama juu ya paa la lifti yenyewe, shimoni, yuakagua kamba za chuma. Ati kunapendeza. Nikauweka mkate wangu chini. Tangu siku hiyo, kila nikifumba macho naliona shimo. Na pale kwenye kahawa marafiki nao hawakunihurumia. "Abdalla," waniuliza, "binti yako leo yuaning'inia wapi?" Nacheka nao, kisha naaga kabla kahawa haijaisha.

Ndipo nikafanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine hawezi kulifanya, kwa sababu halijui.

Sisi hapa, mtoto akipelekwa kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, au kwa fundi, baba humshika mkono, huchukua halua na kahawa, humwambia mwalimu: "Nyama yako, mifupa yangu." Maana yake, mfunze, mtie adabu, hata ukimchapa ni wako, bora mifupa unirudishie mizima. Baba yangu aliniambia hivyo mbele ya Fundi Shee, na Fundi Shee akayachukua maneno yale kwa uzito wake wote, hasa upande wa nyama. Nami nikajiuliza: Rehema, nani aliyemkabidhi? Hapana mtu. Mtoto kaingia kazini kama aliyeokotwa! Mtoto mwenyewe ana miaka ishirini na sita, lakini hilo halikunijia.

Nikanunua sinia la halua, ile nyeusi yenye lozi. Nikachukua dele la kahawa na vikombe vyake. Nikavaa kanzu ya Idi, nikajitia udi, nikaenda ofisini kwao. Rehema alikuwa nje kikazi. Mhandisi Mutua akanitokea, kijana mpole, shati limenyooka.

"Salaam aleikum, mwanangu. Wewe ndiwe mwalimu wa Rehema?"

"Mimi ni msimamizi wake, mzee. Karibu ukae. Kuna tatizo?"

"Hakuna. Nimekuja kukukabidhi. Nyama yako, mifupa yangu."

Kijana akalitazama sinia lililofunikwa kitambaa, akanitazama mimi, uso ukambadilika. "Mzee, mifupa gani? Rehema ameumia?" Na simu keshaishika mkononi.

Ikabidi nimfunulie sinia na kumfafanulia. Akashusha pumzi, akacheka, akala halua, akaongeza. Wafanyakazi wengine wakaja, wakala, wakanywa kahawa, ofisi nzima ikawa kama ya harusi. Lau ningeinuka hapo nikaenda zangu, lingekuwa jambo la kuchekwa likaisha. Lakini ulimi wangu, astaghfirullah! Nikamsogelea sikioni.

"Ila mwanangu, huko juu shimoni… Kama kuna kazi ya chini, ya kukaa, mpe hiyo. Mimi mtu mzima nakuomba."

Akainamisha kichwa. "Nimekusikia, mzee."

Kijana wa watu amelelewa, mtu mzima akimwomba hajui kukataa. Nikarudi nyumbani natembea kama niliyeshinda kesi.

Wiki ile Rehema akaanza kurudi nyumbani kimya. Amewekwa stoo, apokee vyuma na kujibu simu. "Labda kuna kitu nilikosea," akamwambia mama yake. "Nilidhani nafanya vyema." Usiku nikamsikia akirudia vitabu vyake, ukurasa kwa ukurasa, yualitafuta kosa ambalo halikuwa lake. Mimi nililijua lilipo. Lilikuwa limelala kitandani linasikiliza. Nikanyamaza siku ya kwanza, nikanyamaza ya pili, nikanyamaza wiki nzima, na sijapata kuona aibu kama ile, hata ya bwana harusi wa Majengo haikufika.

Jumamosi akaingia, akasimama mbele yangu na kofia yake mkononi.

"Baba, kazini waniita Mifupa. Nikiwauliza kwa nini, wasema nikamwulize babangu."

Nikamweleza yote. Sikubakisha hata lozi. Bi Nuru alikuwa akipepeta mchele, ungo ukasimama hewani.

Rehema hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Muda wa majaribio ukiisha bila ya mimi kupanda," akasema, "sina kazi. Hawaandiki fundi wa kukaa stoo. Miaka yote ile ya kusoma, baba. Ulikwenda kwa mtu ambaye bado hajanijua, ukamwambia siwezi."

"Sikusema huwezi! Nilisema…"

"Ulimwambia anikalishe chini."

"Basi kesho nitakwenda nimwambie akurudishe."

"La! Usiende!" Machozi yakamtoka hapo. "Ukienda kesho, utakuwa umekwenda mara mbili."

Nikainuka hata hivyo, natafuta viatu, maana mimi nikikosa huwa nataka kukimbia nikatengeneze. Bi Nuru akaniwekea ungo kifuani. "Kaa, mwanamume wewe! Umekaa miaka arubaini, leo ndipo umeota miguu?"

Nikakaa. Na nilipokwisha kukaa, nikamwomba mwanangu radhi. Mimi, na mvi zangu hizi. Nyinyi mutakuwa wazazi siku moja, basi jueni kwamba jambo hilo lawezekana na mtu hafi. Hakunisamehe pale pale. Alisema, "Nimekusikia, baba," akaenda kulala.

Jumatatu alikwenda mwenyewe, akazungumza na mhandisi wake mwenyewe. Walisemezana nini, hakuniambia, nami sikuuliza. Nilichokijua ni kwamba amerudishwa kazini juu, lakini muda uliobaki ulikuwa mfupi, na kabla haujaisha Mutua angempa kazi moja ya kweli aifanye peke yake, yeye akitazama tu. Akiiweza, ameajiriwa. Akishindwa, ndiyo basi.

Wahenga wasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ni kweli, lakini hawakutwambia kwamba kuacha kulea nako ni kazi. Mimi nilijifunza ukubwani, nikiwa mwanafunzi mbaya. Nilikuwa nikisikia mlango, swali lapanda lenyewe: "Umepanda leo? Ghorofa ya ngapi?" Nalimeza. Nauliza, "Umekula?" Siku za mwanzo pindo moja nililishona mara tatu, kwa vile mikono ilikuwa dukani na roho iko shimoni. Mpwa wangu akanipokonya kanzu ile.

Kisha likatokea nisilolitazamia. Nilipoacha kuuliza, Rehema akaanza kusema. Jioni moja alichukua karatasi yangu ya kukatia vipimo na chaki yangu, akanichorea vile lifti inavyotundikwa, na vile uzito wa upande huu unavyopimwa kwa uzito wa upande ule, hata mashine isichoke. Nikaelewa, wallahi! Nikamwuliza maswali ya kazi, fundi kwa fundi, tukasahau chai ikapoa. Ijumaa yake alikuja dukani na mafuta yake, akaifungua cherehani tumbo kama zamani, akaifunga, na tangu siku hiyo yaenda bila kelele. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Miezi sita ilikuwa yakaribia kwisha. Nilikwenda kupimwa macho, kliniki iko ghorofa ya nne ya jumba moja huku mjini. Tukaingia kwenye lifti watu wanne: mimi, mama mmoja mnene wa buibui na kikapu chake, muuguzi, na kijana mwenye simu. Tukapita ya tatu. Ikatikisika, ikasimama. Taa ikapepesa. Mama akanishika shingo kama aliyenijua tangu utotoni. Muuguzi akabonyeza kengele, kijana akapiga simu, tukaambiwa mafundi waja. Tukangoja, jasho latutiririka.

Baada ya muda nikasikia sauti za watu nje, juu yetu kidogo. Sauti ya kiume ikasema, "Hii ni yako. Mimi nimesimama tu, sitatia mkono."

Nilikuwa nimeijua sauti ile. Ilikula halua yangu.

Kisha ikaja nyingine, imetulia kabisa: "Habari zenu humo ndani. Naitwa Rehema, ni fundi wa lifti. Muko wangapi?"

"Yallah!" mama akalia. "Wametuletea msichana! Ami, sisi tumekwisha!"

Vijana wangu, jina lake lilinifika menoni. Nilitaka kupiga kelele, Rehema, ni mimi babako! Kisha nikaona: akijua ni mimi, atafanya haraka. Na mwenye haraka ya babake hatazami mkono wake waenda wapi, naye yuashika mashine ya kuua. Na yule mhandisi amesimama pale, yuamtazama. Nikaivua kofia yangu, nikaiuma.

"Tuko wanne!" kijana akajibu. "Kuna mzee hapa yuatetemeka!"

"Mzee huyo yuaweza kusimama?"

"Jibu, ami, waulizwa!" mama akaniambia.

Sauti yangu angeijua hata kwa kikohozi. Nikatikisa kichwa.

"Atikisa kichwa!" mama akapaza sauti. "Asema hawezi, na yuala kofia!"

Rehema akajibu kutoka nje: "Basi akae chini, ajiegemeze. Hewa ipo ya kutosha. Musiguse mlango. Nitazima umeme, taa itazimika, kisha lifti itasogea polepole sana. Ikisogea musishtuke, ni mimi naisogeza kwa mkono."

Nikakaa chini, kwenye kona. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtii mwanangu, na nilimtii barabara. Taa ikazimika. Tukasikia hatua zake zikipanda mbio kwenda juu kwenye mashine. Mama akasoma kila dua aijuayo, na mimi nikasoma moja tu, Mola muongoze mkono wake. Lifti ikasogea, kiasi cha shubiri. Ikasimama. Ikasogea tena. Hapana mkurupuko, hapana kishindo, kazi safi kama mshono usioonekana. Nikajikuta nalia gizani, na haikuwa kwa hofu.

Hatua zake zikarudi chini, mlango ukafunguka, mwanga ukatujaa. Mama yule akatoka akimkumbatia Rehema, akimwombea mume mwema na maisha marefu. Kijana akatoka, muuguzi akatoka. Nikamsikia Mutua akisema, "Rehema, umepita. Barua yako nitaiandika leo." Naye akajibu, "Ahsante. Ngoja nimtoe mzee aliyebaki."

Akaingia, akainama, girisi shavuni, akaninyooshea mkono. Ndipo akaniona uso.

"Baba! Ulikuwamo muda wote huu? Mbona hukusema?"

Nikaitoa kofia mdomoni.

"Ulikuwa kazini," nikamwambia.